Msanifu anataka milioni 3.8, kijana wa ramani za simu anataka laki 3. Nisaidieni kabla sijalipa

MamaPacha:

Waliotangulia shikamooni, wengine habari za jioni.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mume wangu dereva wa lori la masafa marefu. Tumejibana miaka sita, tumepata kiwanja juu kidogo ya Kiboriloni hapa Moshi, mita 22 kwa 31. Pembeni unapita mfongo (mfereji wa maji ya kumwagilia), na kuna migomba mitano aliyoiacha mwenye shamba. Tunataka nyumba ya chini, vyumba vinne, tuhamie na mama mkwe ambaye magoti yamemchoka.

Nina watu wawili mkononi. Wa kwanza ni kijana niliyemwona Instagram. Nilimtumia vipimo vya kiwanja usiku, asubuhi nikakuta picha ya nyumba inang'aa, bati limefichwa nyuma ya ukuta, gari jeusi limepaki mbele (gari si langu lakini moyo uliruka). Laki 3, michoro yote pamoja na mchanganuo wa vifaa.

Wa pili ni msanifu majengo mwenye ofisi mjini. Huyu alikuja kiwanjani mwenyewe, Jumamosi, na mabuti ya mvua. Hakuchora kitu. Alizunguka, akasimama kwenye mfongo kuangalia maji yanaelekea wapi, ndipo akaanza kuuliza. Mama anapikia gesi au kuni? Desemba mnalaza watu wangapi? Nikacheka, nikamwambia mwaka jana tulikuwa 17, wengine koridoni. Mbuzi mnachinjia wapi? Yote akayaandika kwenye kidaftari. Wiki iliyofuata akaleta bei: milioni 3.8, na kuja saiti wakati wa ujenzi hakumo humo.

Mume wangu alikuwa Tunduma nilipomwambia. "Mama Pacha, hiyo si hela ya bati? Tunamlipa mtu wa kuchora mistari?" Sikuwa na jibu. Je, hela hii ni halali yake? Na nikilipa, nalipaje nisilizwe? Anataka nusu mkononi.

WaKibosho:

Dada, mimi nilikuwa kama huyo shemeji. Nilinunua ramani ya laki mbili na nusu, iliyochorwa kwa ajili ya mtu mwingine, kiwanja tambarare, sijui wapi huko. Changu kiko Kibosho, kinateremka. Kwa macho unaona kamteremko tu, ka kuteleza mtoto.

Siku ya kuweka vigingi fundi akaleta ule mpira mweupe wa kupimia usawa kwa maji. Yeye akasimama pembe ya juu, mimi ya chini. Tukangoja maji yatulie. Kwake yalikuwa kwenye kifundo cha mguu. Kwangu yalisimama begani. Fundi hakusema neno, alinitazama tu. Mita 1 na sentimita 40.

Ramani ilikuwa na msingi wa kozi tatu nyumba nzima. Nilizika lori 7 za mawe ambazo hazikuwa kwenye mchanganuo wowote, kifusi cha kujazia ndani usiniulize. Ile hela niliyookoa iliishia kwenye lori la pili. Na mpaka leo mlango wa mbele una ngazi nane, mama yangu anapanda kwa kushikwa mkono. Wewe una mkwe mwenye magoti. Kijana wa Instagram amekuuliza habari za magoti?

Halafu hilo bati la kuficha. Huku kwetu mvua ya Aprili hainyeshi, inamwagwa. Maji yote yanakimbilia kwenye mfereji ulio nyuma ya ule ukuta wa juu, majani ya mparachichi yakiziba tundu la kutokea, unaogelea sebuleni. Jirani yangu kila masika yuko juu ya paa na ndoo.

FundiMeku:

Nusu ya nyumba za uchagani tumezijenga sisi, msanifu hatukumwona, na zimesimama. Tusidharauliane. Mnamlipa wa kalamu milioni kwa heshima, fundi mnambembeleza elfu tano.

Ila nitamwambia mwalimu jambo moja ambalo hao wa ofisini huwa hawalisemi mapema. Msanifu hachagui nondo. Hiyo ni kazi ya mhandisi, michoro yake ni mingine na bei yake ni nyingine. Uliza kama imo kwenye hiyo 3.8, maana huko juu kuna mteremko, na tambarare ya chini kuna udongo mweusi unaopasuka kiangazi na kuvimba masika. Nimeletewa michoro mizuri sana isiyosema nondo ya nguzo ni milimita ngapi. Nikauliza, nikaambiwa "fundi tumia uzoefu".

Mkadiriaji:

Mwalimu, kwanza muulize namba yake ya usajili, kisha uitafute kwenye orodha ya Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi. Iko chini ya sheria ya 2010. Kumwomba namba si kumtukana, mwenye nayo anaitoa kabla hujamaliza sentensi.

Kuhusu nusu mkononi: hapana. Mwambie mlipane kwa kitu kinachoonekana. Mimi ningeigawa hivi. Laki 6 mnaposaini. Milioni 1 ukikubali mchoro wa awali, ule wa kuonyesha vyumba vinakaaje kiwanjani, na hapo umbane: mwambie abadilishe mpaka mama mkwe afike chooni usiku bila ngazi. Milioni 1.5 akikukabidhi michoro kamili yenye mhuri. Laki 7 ya mwisho halmashauri ikiipokea kwa ajili ya kibali bila kuirudisha kwa marekebisho. Usiifunge kwenye siku ya kibali kutoka, ucheleweshaji wa ofisi nyingine si kosa lake.

Akikwambia asilimia ya gharama ya ujenzi, kwa nyumba ya familia mimi huwa sipendi. Ukipandisha marumaru, naye anapanda. Bei moja iliyoandikwa inakutosha. Kuja saiti mlipane kwa safari, na safari zenyewe mzitaje: kuchimba msingi, kabla ya kumwaga zege la lenta juu ya milango na madirisha, na kenchi za paa zikipanda. Akija siku nyingine amekuja kukusalimia.

Kingine watu husahau. Michoro ina hakimiliki. Andikeni kwamba ukishalipa hatua fulani, mkiachana, unaruhusiwa kuendelea nayo na mtu mwingine. Nimeona familia imekaa na msingi uliota nyasi kwa sababu hiyo.

Pasua_Boy:

Mchukue wa laki 3, umwambie aongeze na gari kwenye picha liwe lako 😂

MamaPacha:

Pasua wewe!

Asanteni. Nimempigia msanifu. Namba alinitajia papo hapo, nimeiona kwenye orodha. Nusu mkononi ameiachia, tumefika laki 8 ya kuanzia, iliyobaki tutalipa kwa hatua zile alizosema kaka Mkadiriaji. Mhandisi hamo kwenye 3.8, Fundi Meku ubarikiwe. Hiyo ni laki 9 nyingine, na kwa kweli imeniuma. Tumekata banda la gari kwenye mpango, kwanza gari lenyewe liko wapi.

Baba Pacha bado hajakubali. Anasema kiwanja chetu "kimelala kabisa", hakina mteremko. Basi leo nimepita Mbuyuni nimenunua mpira mweupe, mita 30. Anarudi Ijumaa. Jumamosi asubuhi yeye atasimama kwenye mfongo, mimi kwenye migomba.

WaKibosho:

Mpe upande wa chini.