Waliowahi kuchomwa na washawasha, tupeane uzoefu

Wakuu, habari za shamba. Huku Marangu tumeanza kupogoa kahawa na kila siku kuna mtu anawashwa. Naomba kila aliyekutana na mdudu washawasha, yaani kiwavi mwenye miiba au nywele zinazowasha, aseme alimkuta katika hatua gani, maana kila hatua ina namna yake ya kumkabili. Naanza na yule wa kahawa, Parasa vivida. Nondo jike hubandika mayai chini ya jani, yamelaliana. Viwavi wakianguliwa hukaa pamoja wakiparura ngozi ya jani. Ukiwakuta hapo, kata jani hilo moja tu, umemaliza ukoo mzima. Wakikua hutawanyika, na ndipo mikono yetu inapowavamia.

*Mama Kihamba:* Mimi alinichoma kiganjani, maumivu yakapanda mpaka kwapani. Usiku yakatulia, vipele vikabaki. Ile miiba ya mgongoni iko wazi ndani na ina sumu, ikichoma hukatikia kwenye ngozi. Usifikiche! Bandika selotepu, bandua, rudia na kipande kipya, ndipo uoshe kwa sabuni.

*Wa Kakamega:* Kwetu yuko Anaphe panda, kiwavi wa nondo wa hariri ya porini. Hutembea kwa msafara, mmoja nyuma ya mwingine, kisha wote husokota kiota kimoja cha hariri, kila mmoja na kifukofuko chake ndani, yaani ganda analogeukia kuwa nondo. Icipe, kile kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, imewafundisha watu wa huku kuvuna hariri hiyo. Ila nywele za viwavi hubaki kwenye kiota hata nondo wakishatoka. Shangazi yangu alipasua kikavu, shingo yote ikamtoka vipele. Siku hizi hagusi kiota bila glavu na barakoa.

*Mtanga:* Unywele ukiingia jichoni msisubiri kesho, nendeni hospitali.

*Mwanzisha mada:* Asanteni sana. Wapogoaji, angalieni vifukofuko vya Parasa, ni vigumu na vimeganda kwenye tawi. Chenye kifuniko cha duara kilichofunguka, nondo keshatoka. Chenye kitundu kidogo tu, aliyetoka ni nyigu au nzi aliyemla kiwavi humohumo, na hao ni wenzetu, dawa za kupuliza huwaua pia. Vilivyo vizima mimi nakata pamoja na tawi. Nondo mwenyewe hali kitu, anapandana, anataga, anakufa. Wenzetu wa mashamba ya chai, kwenu anaonekana?