Kroshia ya mkono na ya dukani: tunabishania nini hasa?

Mleta mada:
Wadau, hodi. Mimi ni mfumaji wa kroshia, yaani kufuma kwa kulabu moja, na hili limenikaa kooni. Juzi nilimwonyesha mtu kitambaa cha meza nilichofuma, cha duara, uzi wa pamba. Akakigeuzageuza, akakisifia, kisha akatoa ile kauli ambayo kila mfumaji anaijua: "Mbona dukani kama hiki ni nusu ya bei yako?" Wengi wetu hapo huwaka, tukajibu kwamba cha dukani kimetoka kwenye mashine. Nami nilikuwa najibu hivyohivyo. Jibu hilo si sahihi, na ndilo linalotuponza.

Kufuma kwa sindano mbili kuna mashine tangu enzi. Mwingereza William Lee alibuni ya kufumia soksi mwaka 1589. Kule vitanzi vinakaa safu nzima kwenye sindano, kwa hiyo mashine inaweza kuvihudumia vyote kwa mpigo. Kroshia ni kitanzi kimoja kwa zamu. Unachomeka kulabu popote unapotaka, unavuta uzi, unageuza kazi, unarudi. Viwanda havina mashine ya biashara inayofanya hivyo. Zipo zinazoitwa za kroshia, lakini hizo hutoa utepe na lesi za kufanania tu.

Kwa hiyo ukikuta dukani kroshia halisi, kuna mtu ameifuma kwa mkono kama mimi. Tofauti ni kwamba mimi nimejipangia bei, yeye amepangiwa.

Tupige hesabu. Duara bapa la mishono mirefu huanza na mishono 12, na kila mzunguko unaongeza 12. Ukifika mzunguko wa 14 umeshafuma mishono 1,260. Mpe mzoefu sekunde 5 kwa kila mshono: dakika 105 bila kunyoosha mgongo, na bado hujaweka ua wala pindo. Sasa toa kwenye bei ya duka uzi, usafiri, kodi ya duka na faida ya kila aliyekipitisha mkononi. Kinachobaki ndicho cha zile dakika 105. Swali langu: je, bei ya duka inaweza kuwa kipimo cha haki cha kazi yangu?

Mchangiaji wa kwanza:
Umesema vizuri, ila usitubebeshe sisi wanunuzi dhambi zote. Nina watoto na kochi linalomwagikiwa kila siku. Foronya ya dukani naifua, inaanikwa, maisha yanaendelea. Ya mkono niliyowahi kununua niliifua kwa maji ya moto ikarudi saizi ya sahani. Aliyeniuzia hakuniambia hata ni uzi gani.

Mleta mada:
Hapo umetushika, sina utetezi. Pamba hurudi kwenye maji ya moto. Inatakiwa maji baridi, kisha uitandaze ingali mbichi na kuivuta umbo lake, isitundikwe kwenye kamba. Akriliki nayo pasi kali ikiigusa inalegea moja kwa moja. Mfumaji asiyeandika hayo kwenye kikaratasi anamuuzia mtu mtego.

Mchangiaji wa pili:
Nitajuaje dukani kama ni kroshia au ya kufanania?

Mleta mada:
Tazama kwa karibu. Ukiona safu za alama kama herufi V zilizopandana wima, nyembamba na zinazolingana, hiyo ni ya sindano au mashine. Kroshia ina nguzo ndogondogo zilizozungushiwa uzi, na juu ya kila mstari kuna mnyororo umelala. Kwenye vitambaa vya duara tafuta katikati: utaona kijiduara ambako kazi yote ilianzia.

Mchangiaji wa tatu:
Mleta mada, hoja yako inajigeuka. Kama vya dukani vimefumwa na watu kama wewe, tukiacha kuvinunua wao watakula nini? Njaa ya viazi ilipoikumba Ireland kuanzia 1845, lesi ya kroshia iliokoa familia nyingi, na iliuzwa mbali kupitia watu wa kati. Hao wafumaji nao hawakuwa na uwezo wa kwenda kujipangia bei kwa mabibi wa mijini. Malipo kidogo bado ni malipo.

Mleta mada:
Hiyo nimekaa nayo tangu asubuhi. Sisemi mtu asinunue dukani. Nakataa tu kuambiwa nishushe bei yangu ilingane na ya mtu ambaye hakuulizwa yake. Jana niliingia duka moja nikashika kitambaa cha kroshia halisi, nikasoma lebo yake pande zote mbili: asilimia ya pamba, joto la maji, alama ya pasi. Kuhusu aliyekifuma, hakuna hata neno. Nikamuuliza muuzaji, akaniambia "vinakuja na mzigo."

Mchangiaji wa tatu:
Sawa. Na uzi wako wewe, nani kausokota?

Mleta mada:
Kiwanda. Nimechukua robota sasa hivi kuangalia. Lebo inasema pamba, gramu 50.