Pendo kapigwa mieleka

*Kikundi: Ukoo wa Mzee Shija*

Jumamosi usiku

Mama Pendo: Shikamooni wazee. Wengine habari za usiku. Najua huko ni saa nne na watu mmelala, ila nina jambo. Leo Pendo alikuwa na mashindano yake ya kwanza ya mieleka hapa Des Moines, Iowa, Marekani. Kashindwa zote. Kalia njia nzima kwenye gari, anasema harudi tena. Baba yake anasema bora aache. Mimi sijui nishike lipi.

Masanja: Pole sana. Kapigwa na mvulana au msichana?

Mama Pendo: Msichana mmoja na wavulana wawili. Wanapangwa wannewanne kwa uzito, kila mmoja anakutana na wote. Wote wana miaka 9 kama yeye.

Bibi: Marahaba mwanangu. Mieleka ipi? Zile za kina John Cena za kupigana viti?

Elia: Shikamoo bibi 😂 Hapana, zile ni maigizo. Hii hakuna kupiga ngumi wala kukaba koo, refa yupo karibu muda wote. Unatafuta kumwangusha mwenzio na kumbana mabega yote mawili chini. Mimi nimecheza hapa Cedar Rapids sekondari yote, na meno yangu yote ninayo.

Bibi: Marahaba. Na msichana anavaa nini?

Mama Pendo: Mama, kuna ile nguo ya kubana ya kipande kimoja. Pendo anavaa fulana na bukta, inaruhusiwa. Na kinga ya masikio.

Tunu: Hiyo kinga asiivue hata mazoezini. Sikio likisuguliwa sana damu inajaa ndani, isipotolewa linakunjamana na halirudi tena.

Masanja: Sasa sikilizeni. Mwambieni Pendo mjomba wake kasema hivi: mechi ijayo akishinda namtumia dola 20.

Elia: Mjomba, shikamoo, lakini hapana. Akishindwa tena atakuwa kashindwa mechi na kakosa hela. Atalia mara mbili.

Masanja: Basi nilipe kwa pointi. Dola moja moja.

Mama Pendo: Kaka, hakuna kulipa mtoto.

Masanja: Nyie mmeishi huko mpaka mmekuwa wagumu.

Elia: Mama mdogo, niambie mechi zilivyokwenda. "Kashindwa zote" hainiambii kitu.

Mama Pendo: Ya kwanza sikuiona vizuri. Nilikuwa natafuta simu nirekodi, nainua kichwa refa kashapiga mkono chini, imekwisha. Ya pili ikafika raundi ya pili, akabanwa mgongo. Ya tatu akamaliza muda wote, kashindwa kwa pointi 8 kwa 1.

Elia: Hiyo 1 kaipataje?

Mama Pendo: Walianza yeye akiwa chini, magoti na viganja, mwenzake kapiga goti pembeni kamzungushia mkono kiunoni. Refa akapuliza filimbi. Pendo akainuka mguu mmoja, yule kamng'ang'ania kwa nyuma, Pendo akashika vidole vyake akavibandua, akageuka wakaangaliana. Refa akanyoosha kidole kimoja.

Elia: Aisee!! Kujinasua hiyo. Mama mdogo, unajua mimi msimu wangu wa kwanza nilikaa muda gani bila kujinasua hata mara moja? Kila mtu alinikalia mgongoni kama begi. Kubandua vidole wanafundishwa, ila mtoto akibanwa anasahau kila kitu, anabaki kusukuma tu. Yeye kakumbuka. Hiyo ndiyo ya kumwambia. Usimwambie "umejitahidi," maana hata yeye anajua hilo wanaambiwa walioshindwa. Mwambie "nimeona ulivyobandua vidole."

Mama Pendo: Hata sikufikiria. Mimi nilimwambia pole, utashinda siku nyingine.

Masanja: Nimeingia Google. Hapo hapo Iowa, mji wa Waterloo, ametoka mtu anaitwa Dan Gable. Mwaka 1970 fainali yake ya mwisho ya chuo akapigwa na Larry Owings. Mwaka 1972 akaenda Olimpiki Munich akachukua dhahabu bila kutoa hata pointi moja! Msimulieni Pendo hiyo, atasimama.

Elia: Mjomba, hapa jina hilo ni kama Nyerere, kila kocha analitaja. Ila huyo kabla ya Owings alikuwa hajapigwa mechi hata moja ya sekondari wala ya chuo. Pendo atasikia bingwa alipoteza mara moja, na yeye kapoteza zote kabla ya chakula cha mchana. Hadithi hiyo ni ya baba zao pale kwenye viti, siyo ya mtoto wa miaka 9.

Masanja: Sawa mwalimu.

Bibi: Hilo la msichana kupigana na wavulana mimi bado halijanikaa.

Elia: Bibi, akifika sekondari anaweza kucheza na wasichana wenzake. Hapa Iowa mieleka ya wasichana ina msimu wake rasmi wa sekondari tangu 2022. Chuo Kikuu cha Iowa nacho kina timu ya wanawake, mwaka wao wa kwanza wa mashindano wakachukua ubingwa wa taifa, 2024. Olimpiki wanawake wanacheza tangu 2004. Na yule Mnigeria Blessing Oborududu alichukua medali ya fedha kule Tokyo.

Bibi: Mnigeria? Haya.

Tunu: Dada, na uzito? Nisije nikasikia mnamnyima mtoto chakula ili aingie kundi la wepesi.

Mama Pendo: Kuna mzazi mmoja alinishauri hivyo leo. Eti akipungua kilo mbili atakutana na wadogo wadogo.

Tunu: Mwambie muuguzi wa Mwanza kakataa. Mtoto wa umri huo anakua. Ale, anywe maji, apimwe, apangwe na wa uzito wake. Na akitoka kwenye ile mati aoge siku hiyo hiyo kwa sabuni, nguo zifuliwe. Choa na mapunye yanapenda sana watu wanaosuguana ngozi.

Bibi: Nani anyimwe ugali? Nitapanda ndege mimi.

Mama Pendo: 😂😂 Mama, kala, kalala.

Jumapili asubuhi

Tunu: Shikamooni mlio wakubwa. Nipo hapa nyumbani Shinyanga, nimemsomea Baba yote ya jana. Miwani yake imevunjika mkono kwa hiyo naandika anavyosema, msinilaumu.

Tunu: Anasema: "Wakati tunachunga, mieleka tulipigana kwenye mchanga wa mto ukiwa umekauka. Mchanga ulioloa kidogo, siyo mkavu, mkavu unaingia machoni. Mdogo akija mara ya kwanza hatukumwacha ashindane. Tulimfundisha kuanguka. Kidevu kifuani, usinyooshe mkono kuzuia, utavunjika. Anaangushwa, anacheka, anaangushwa tena. Mpaka kuanguka kunakuwa kitu cha kawaida."

Tunu: Ngoja anakunywa chai.

Tunu: Anaendelea: "Mtu akishapigwa hatukumwambia pole. Tulimwambia, hebu nionyeshe alivyokushika. Basi unamshika mwenzio vile vile ulivyoshikwa wewe, na wote wanatazama. Mkono ulikuwa hapa. Mguu ulikuwa hapa. Kufika jioni ile namna iliyokuangusha asubuhi unayo wewe. Mimi nilipigwa na kijana wa kijiji cha pili kwa ngware moja, nikaiomba anionyeshe. Akanionyesha. Nimeitumia mpaka naoa."

Masanja: Mpaka unaoa? Baba uliitumia kwa nani? 😂

Tunu: Kacheka tu, hajajibu. Mama kaondoka zake kwenda kanisani.

Elia: Shikamoo babu. Kocha wangu alikuwa anafanya hivyo hivyo. Jumatatu baada ya mashindano hakuuliza nani kashinda. Aliuliza "umeangushwaje," halafu wiki nzima tunaifanyia kazi hiyo hiyo.

Elia: Mama mdogo, halafu kuna la kuacha kabisa. Usimuulize leo kama anaendelea au anaacha. Jana kachoka, ana njaa, ana aibu, jibu lake ni la gari. Msimu unaisha Machi. Mpeleke mazoezini Jumanne kama kawaida, msimu ukiisha akae mwenyewe aseme. Akisema hapendi, basi, kuna mpira, kuna kuogelea. Lakini aache siku ambayo halii.

Mama Pendo: Hapo nakubaliana na wewe. Na mimi nitaongea na baba yake kuhusu kupiga kelele. Jana kila mtu pale juu anamwambia kitu tofauti, shika mguu, geuka, simama, mtoto anatuangalia sisi badala ya mwenzake.

Elia: Sauti ya kocha tu. Nyie pigeni makofi.

Baba Pendo: Shikamoo mzee, shikamoo mama. Nimesoma. Kwani mimi peke yangu ndiye niliyepiga kelele?

Mama Pendo: Wewe peke yako ndiye uliyeshushwa ngazi mbili na mlinzi.

Masanja: 😂😂😂 Shemeji!

Jumapili jioni

Mama Pendo: Nina habari. Asubuhi wakati wa chai nikamwambia Pendo, babu yako anataka kujua yule wa mechi ya kwanza alikushikaje, hakuelewa. Kanitazama kama nimechanganyikiwa. Kasukuma kikombe, kamwita baba yake aje sebuleni. Kamsimamisha kwenye zulia, "hapana baba, inama, weka kichwa hapa." Kazama miguuni, mikono yote miwili nyuma ya magoti, bega tumboni. Baba Pendo ana kilo 90, hakuanguka, lakini alirudi nyuma hadi kwenye kochi akakaa bila kupenda.

Mama Pendo: Halafu Pendo kasimama anawaza. Anasema, "kumbe nilitakiwa kurusha miguu nyuma." Mwenyewe! Sijamwambia mimi, miguu nyuma mimi naijulia wapi.

Elia: ENHEEE. Hiyo ndiyo kinga yake. Unarusha miguu nyuma, nyonga zinashuka, mzigo wote unamlalia aliyekuvamia. Jumamosi nakuja Des Moines, nitamfundisha ile ya babu pia kama babu atamwelekeza Tunu atume video.

Tunu: Baba anasema ngware haielezeki kwa simu. Ila kasimama, anatafuta mtu wa kumwonyeshea. Mimi natoka nje.

Baba Pendo: Naomba ushauri wa muuguzi. Mgongo.

Tunu: Barafu leo, shemeji. Na usilale kwenye hilo kochi.

Masanja: Swali la mwisho kwa kamati. Ile pointi 1 ya jana ingehesabiwa kwenye malipo yangu?

Mama Pendo: Hakuna malipo kaka, tulishamaliza.

Mama Pendo: mjomba ni mimi pendo. inahesabiwa

Mama Pendo: Samahanini, kachukua simu.