Tupeane uzoefu: kisukari aina ya pili na sufuria moja ya nyumba nzima

SufuriaMoja, Umoja
Wadau, tukusanye hapa mbinu za jikoni kwa mwenye kisukari aina ya pili. Sharti ni moja tu: chakula kiwe kile kile cha nyumba nzima. Mgonjwa akipikiwa kasufuria kake pembeni, haitachukua wiki kabla hajarudia ugali wa wenzake, tena akiwa na njaa.

Naanza na huo ugali. Unga wa posho mill usiokobolewa ni mzuri kwa sababu pumba inabaki, lakini wanga wake haupishani sana na wa unga mweupe. Kinachookoa ni kipimo. Kipande cha ukubwa wa ngumi, gramu 150 hivi, kina wanga wa karibu gramu 40. Pakua mboga kwanza zijaze nusu ya sahani, nyama au samaki au ndengu zichukue robo, ugali uingie robo iliyobaki. Ukitanguliza ugali, mboga zitakosa nafasi. Na mkila kwenye sinia moja, mkatie kipande chake mapema kiwekwe kando, maana mkimega pamoja hakuna anayejua amekula kiasi gani.

Managu_Buru
Hiyo nusu sahani hailiki kama mboga hazina ladha. Managu: chambua majani, osha, chemsha dakika 10, chuja. Kaanga kitunguu kwa vijiko 2 vya mafuta (hiyo inatosha watu 4), tia nyanya moja, rudisha mboga, kisha mimina robo kikombe cha maziwa na uache kwenye moto mdogo dakika 5. Maziwa yanalainisha uchungu. Ukizidi bado, changanya na terere.

Sukuma huharibiwa na moto mrefu. Kata nyembamba, geuza dakika 4 tu, malizia na hoho na ndimu. Ukali wa ndimu unakuwezesha kupunguza chumvi, na hilo ni muhimu kwa sababu wengi wenye kisukari wana presha pia. Viungo vya mchuzi vya pakiti vimejaa chumvi. Ukivitumia, usiongeze nyingine. Hali kadhalika magadi kwenye mrenda au kunde: ni sodiamu hiyo, weka chembe tu au uache kabisa.

Kangemi_Juu
Asante dada. Swali: uji wa wimbi mzee anaweza kunywa kiasi gani? Hapa mtaani wanasema wimbi ni dawa ya sukari.

SufuriaMoja, Umoja
Si dawa, ndugu. Unga wa wimbi una wanga unaokaribiana na wa mahindi, na ukishasagwa laini ukawa uji, tumbo halina kazi kubwa ya kuusaga, kwa hivyo sukari inapanda haraka. Mpe nusu kikombe, bila sukari, bila asali, bila sukari nguru, pamoja na yai la kuchemsha au karanga kiganja kimoja. La sivyo, mpe nduma au kiazi kitamu cha kuchemsha, vipande viwili vidogo. Kiazi kitamu cha kuchemsha hupandisha sukari polepole kuliko kilichochomwa.

MwikoWaJumapili
Chapati nayo isifukuzwe. Vikombe 2 vya unga wa atta (ngano isiyokobolewa) na 1 cha unga mweupe, maji ya vuguvugu, kijiko 1 cha mafuta ndani ya donge. Pumba hunywa maji polepole, ndiyo maana donge laonekana sawa kisha linapasuka kingo ukisukuma. Liache lilegee, ongeza maji kijiko kimoja kimoja, lifunike dakika 30. Gawa madonge 8. Kila chapati ina wanga wa gramu 35 hivi. Moja, na ndengu nzito pembeni. Mafuta pakaza kwa brashi, usimimine.

Githeri ni rahisi: geuza uwiano, maharagwe 2 kwa mahindi 1. Loweka usiku, chemsha mbalimbali kwa kuwa mahindi makavu hukawia. Badala ya waru tia kabichi na karoti.

Glukometa_Langata
Tahadhari kwa wanaotumia insulini au glibenklamidi (vidonge vya kushusha sukari): ukipunguza wanga ghafla na dawa ikabaki ile ile, sukari ya damu inaweza kushuka chini ya 4 mmol/L (namba inayosomwa kwenye glukometa, mashine ya kupimia sukari). Ongea na daktari au kliniki kabla ya kubadili sahani. Ikishuka, vijiko 3 vya chai vya sukari kwenye maji, kisha pima tena baada ya dakika 15.

Kujua chakula gani kinakufaa, pima kabla ya kula, halafu saa 2 tangu tonge la kwanza. Kwa watu wazima wengi lengo baada ya kula ni chini ya 10 mmol/L, ila fuata ulilopewa kliniki. Vijiti vya kupimia ni ghali, kwa hivyo jaribu chakula kimoja kwa wiki na ubadili kitu kimoja tu: ugali ule ule, mboga zile zile, kipande kidogo zaidi.