MREJESHO: Nimerudi kuandika kuhusu vitabu

Wakuu habari zenu, miezi miwili nyuma niliuliza nifanyeje maana nasoma sana ila kuandika uchambuzi ndo hakuna, viporo vilifika 9 na hamu ilishakata kabisa.

Kuna mlionambia niandike notsi palepale nikiwa nasoma, aisee hilo ndo limeniokoa. Sasa hivi kila sura ikiisha naandika mistari miwili mitatu kwenye simu, nani kafanya nini, nini kimenigusa, na namba ya ukurasa kama kuna sentensi nataka kuinukuu, kwahiyo nikimaliza kitabu sianzi kufukunyua upya nakaa tu napanga. Zamani nilikuwa nasubiri wiki mbili nasahau hadi majina ya wahusika.

Viporo 5 nimevifuta, vilikuwa vinanielemea bure. Ratiba ni chapisho 1 kwa wiki, Jumamosi, basi.

Vitabu vya kutumiwa bure na waandishi nimepunguza pia, kusoma kwa deni kulikuwa kunaniua hamu kuliko kitu chochote. Juzi nimesoma riwaya niliyoichagua mwenyewe mpaka saa nane usiku, nilikuwa nimeimisi sana hali hiyo. Asanteni sana kwa kweli.