Ajenti ametuuzia viza isiyohitajika na "safari ya vyakula" ya chipsi

Wadau, naandika nikiwa bado na hasira, mnivumilie.

Mimi na mume wangu tumerudi Jumapili kutoka Addis Ababa. Siku tano, shilingi 186,000 kwa watu wawili, na pesa zenyewe ni za chama, zamu niliyoingojea tangu mwaka jana. Ajenti ana ofisi hapa mjini, ghorofa ya nne (jina silitaji, pesa zangu ziko kwake). Alituuzia alichokiita safari ya vyakula vya Ethiopia: kitfo, doro wat, kahawa ya kienyeji, na picha za kumwaga mate kwenye WhatsApp.

Viza kwanza. Risiti ina shilingi 16,000 za viza. Tulipofika uwanja wa Bole, afisa akafungua pasipoti, akagonga muhuri, akatukaribisha. Nikamuuliza karatasi za viza nimpe nani, akacheka. Mkenya haendi Ethiopia kwa viza! Muuza nguo yeyote wa Eastleigh, Nairobi, angeniambia hilo bure. Nikampigia ajenti pale pale, akasema hizo ni "gharama za kushughulikia". Alishughulikia nini sasa, hewa?

Hotelini tukapokewa na bafe. Chipsi, tambi, kuku mkavu kama gunzi. Siku ya pili, chipsi, tambi, kuku. Nilipoulizia kitfo, kijana anayehudumu akaniambia kwa upole kwamba kipindi hiki hawaipiki, watu wamefunga. Ilikuwa Machi. Mfungo mkubwa wa Waorthodoksi ni siku 55, na anayefunga hagusi nyama, maziwa wala mayai. Kitfo ni nyama mbichi iliyokatwakatwa na kukorogwa na siagi na pilipili. Doro wat ni kuku na yai zima juu yake. Yaani huyu mtu alituuzia nyama na kutupeleka kuila katikati ya mfungo! Na hata usipokuwa mfungo huo, Jumatano na Ijumaa wengi wao hawali nyama. Anayeuza safari za chakula Ethiopia asipojua hilo, anajua nini?

Lakini kilichoniuma zaidi ni saa. Ratiba ilisema siku ya tatu tutachukuliwa "saa nane mchana" kwenda Bishoftu kuona maziwa. Asubuhi tukaenda zetu soko la Merkato. Saa nane tukasimama mlangoni, gari hakuna. Saa tisa, hakuna. Kupiga simu, ajenti anafoka eti sisi ndio tumechelewa, dereva alikuja asubuhi akangoja akaondoka. Yule kijana wa hotelini ndiye aliyetufumbulia. Waethiopia wanahesabu saa kuanzia alfajiri, vilevile kama sisi! Dereva alimwandikia ajenti 2:00, yaani hulet se'at, saa mbili asubuhi. Ajenti akaisoma kizungu, akaigeuza saa nane mchana. Mswahili mzima! Angeiacha saa mbili kama alivyofundishwa na nyanya yake, tungeyaona hayo maziwa. Pesa ya gari, anasema, hairudi.

Basi jioni hiyo tukasusia bafe tukatoka kwa miguu. Hatua kama mia mbili kutoka hotelini kuna kibanda cha mama mmoja, majani mabichi yametandazwa sakafuni, vigoda vya chini. Akatuletea sinia moja la injera, ule mkate wao mpana na laini, lenye vilima vya dengu, sukuma, kabichi na shiro. Wadau, hiyo shiro. Ni unga wa mbegu za jamii ya kunde na viungo tu, lakini inaletwa ingali inatokota kwenye chungu. Injera nilikuwa nimeiogopa kwa kuiangalia, kumbe uchachu wake ni ule ule wa uji wa wimbi uliolala. Kisha yule mama akaviringisha tonge, akamsogelea mume wangu, akamtia mdomoni kwa mkono wake. Mbele yangu! Nikakaza macho. Kabla sijasema neno, la pili likawa mdomoni mwangu mimi. Wanaita gursha, ni heshima kwa mgeni, na kukataa ni utovu wa adabu. Mume wangu amekuwa akiidai nyumbani tangu turudi, na hajaipata.

Kahawa yenyewe ilikaangwa tukiitazama, ikapikwa kwenye jebena, birika lao la udongo, ikaletwa na bisi. Vikombe vitatu, abol, tona, baraka, na huondoki kabla ya cha tatu. Bili ya yote haikufika hata robo ya bafe moja. Siku mbili zilizobaki tulikula hapo hapo, mchana na jioni, kwa pesa zetu, huku bafe tuliyoilipia ikipoa hotelini.

Nataka shilingi 16,000 za viza, pesa ya gari, na bafe za siku ambazo hatukula. Nimetuma risiti mara tatu. Ujumbe umesomwa, jibu hakuna. Baba Watoto anasema niachane nao. Sitaachana nao. Naambiwa Mahakama ya Madai Madogo pale Milimani inasikiliza kesi za hadi shilingi milioni moja, na huhitaji wakili. Kuna aliyewahi kumpeleka ajenti wa safari huko? Ulibeba karatasi gani, na picha za skrini za WhatsApp walizikubali?