Télesphore: jina hili lilitoka wapi, na lilipotelea wapi? Tupeane uzoefu

Mwana Nyawera
Kwenye orodha ya watakaobatizwa, ile wanayobandika mlangoni mwa parokia huku Bukavu, Kongo, kati ya akina Kevin, Bryan na Héritier kuna Télesphore mmoja. Wazee walisoma wakatabasamu, vijana wakauliza kama ni aina ya telefone. Wenye kujua waseme: asili yake nini, linaandikwaje, na mbona Télesphore wa miaka 45 humkuti kwenye karatasi yoyote? Wazee wapo, vitoto vipo, katikati hakuna mutu.

Katekista Cimpunda
Ni Kigiriki. Telos ni mwisho, phero ni kubeba au kuleta. Telesphoros ni mwenye kufikisha jambo mwisho wake. Ukilitafuta jina hilo katika Biblia hulipati, ila kitendo chake kipo: Luka 8:14, mfano wa mpanzi, wale wa kwenye miiba. Kigiriki kinasema «ou telesphorousin», yaani hawaivishi. Aliyelima maharage Kabare ameshaelewa: majani ya kujaa macho, maua yapo, ukifungua ganda ni tupu. Télesphore ni kinyume cha ganda tupu.

Mtakatifu wake ni Papa wa Roma wa karne ya 2, wa 8 katika hesabu ya kawaida, baada ya Sixtus wa 1. Alikufa karibu na mwaka 136. Askofu Irenaeus wa Lyon alipopanga orodha ya maaskofu wa Roma, huyu ndiye peke yake aliyemwekea neno kwamba aliuawa kwa ajili ya imani, tena kwa utukufu. Sikukuu yake kwenye kalenda za zamani ni 5 Januari.

Mama Furaha wa Panzi
Na ndiye alianzisha misa ya usiku wa Noeli! Jina zuri kabisa.

Katekista Cimpunda
Mama, hapo polepole. Inayosema hivyo ni Liber Pontificalis, kitabu cha maisha ya mapapa, na kitabu hicho kilikusanywa karne ya 6, miaka kama 400 baada ya yeye kufa. Kinamwekea pia mfungo wa majuma 7 kabla ya Pasaka. Wanahistoria hawalipokei. Mupe mtoto jina kwa sababu ya ushahidi wa damu, ile ya misa ya usiku muiache.

Mama Furaha wa Panzi
Sawa Katekista. Lakini ni Noeli, nani atanikatalia kupenda.

Kadutu Juu
Kweli kabisa. Huku kwetu banaitaka «Tele» tu, ile «sphore» bote banaiogopa.

Muzee wa Muhungu
Swali la katikati ndilo lenye uzito, na jibu lake ni tarehe mbili: 1972 na 1990.

Kabla ya 1972 jina la ubatizo lilikuwa lazima. Sheria ya Kanisa ya 1917, kanoni 761, ilimtaka padri ahakikishe mtoto anapewa jina la Kikristo. Wazazi wakishindwa, padri aongeze la mtakatifu na yote mawili yaandikwe kitabuni. Mapadri Weupe (wamisionari) wa huku Kivu walifungua kalenda, wakatazama tarehe. Ndiyo sababu mna Polycarpe, Fulgence, Évariste, Onésiphore, Népomucène. Hakuna mzazi aliyekaa usiku kucha akitafuta Népomucène! Tarehe ilimletea. Mtoto aliyefika siku za kwanza za Januari aliweza kuangukia Télesphore.

Halafu 1972 Rais Mobutu akaja na «authenticité», yaani kurudi kwenye asili yetu. Majina ya kizungu yakakatazwa, kila mtu abaki na jina na postnomu (jina la pili linalofuata) ya wahenga. Padri aliyekamatwa akibatiza mtoto kwa jina la kigeni alitishiwa kifungo cha miaka 5. Kardinali Malula alipinga, akalazimika kukimbilia Roma kwa miezi. Hali hiyo ilidumu mpaka Mobutu alipolegeza kamba, hotuba ya 24 Aprili 1990. Basi mtu wa 1980 huenda ni Télesphore kabisa, kwenye kitabu cha parokia au mdomoni mwa mama yake, lakini akti (cheti) yake ya kuzaliwa inasema Bahati Mugisho, basi. Hawakukosekana, walifichwa.

Na msidanganywe na mtu anayesema «jina hili lina watu kadhaa nchini». Sensa ya mwisho ya nchi hii ni ya 1984, wakati prenomu (majina ya kizungu ya ubatizo) zilikuwa zimekatazwa. Hata ile isingeweza kumhesabu Télesphore hata mmoja.

Mwana Nyawera
Aksanti Muzee. Hii ya sensa sikuwa nimeifikiria.

Birere Goma
Muchunge sana. Hakuna mutu amesema kwamba Telesphoros ni mungu wa Wagiriki! Mtoto mfupi mwenye joho na kofia yake, anatembea na Asklepios mungu wa dawa, eti anamaliza ugonjwa. Waliabudu pale Pergamo, na Ufunuo 2:13 inasema Pergamo ndipo penye kiti cha Shetani. Mutoto atabeba nini hapo?

Katekista Cimpunda
Atabeba alichobeba Apolo wa Matendo 18:24, ambaye jina lake linatoka kwa Apollo. Na Dionisio wa Areopago, Matendo 17:34, ni wa Dionisos, mungu wa pombe. Isidore ni zawadi ya Isis wa Misri. Kama unafuta, futa wote, usichague. Tena barua hiyo ya Ufunuo imeandikiwa Wakristo wa Pergamo, na mstari huohuo unawasifu kwamba hawakuikana imani.

Birere Goma
Mimi nimeonya. Mwite Baraka, mambo yaishe.

Mama Furaha wa Panzi
Baraka wako kumi kwa kila avenue, yaya. Ukiita mmoja jioni banaitika bote.

Lushois wa Kenya
Huku Lubumbashi (Kenya ni komini yetu, si nchi) pia ni nadra, ukilisikia ujue ni mzee. Nje ya nchi lina njia zake. Québec lilipendwa sana karne ya 19, kuna hadi kijiji cha Saint-Télesphore, na mwanasiasa Télesphore-Damien Bouchard alizaliwa 1881. India kuna Kardinali Telesphore Toppo wa Ranchi, aliyefariki 2023. Tanzania askofu wa Morogoro alikuwa Telesphor Mkude, bila e ya mwisho, hivyo mukiona tahajia ile si kosa, ni ya kwao.

Ufaransa wana hesabu ya INSEE (ofisi yao ya takwimu) ya majina tangu 1900, lakini majina yaliyotolewa mara chache mno hurundikwa pamoja kwenye fungu moja la «majina nadra». Ukikosa mwaka fulani, usiseme hakuna aliyezaliwa.

Karani wa Zamani
Niongeze ya kazi, kwa sababu jina hili linaua watu kwenye karatasi.

Herufi ni 10: T-É-L-E-S-P-H-O-R-E. Mkwaju ni mmoja tu, juu ya e ya kwanza. Makosa yanayojirudia: Télésphore (mikwaju miwili), Thélesphore (h ya bure), Telesfore (f kwa ph), na lile baya kuliko yote, Téléphore, ambapo s imeanguka. Mkwaju si hatari: mistari ya chini ya pasipoti, ile inayosomwa na mashine, haina mkwaju wowote, É inakuwa E. Lakini s ikianguka, mashine inaona mtu mwingine.

Kwa nini inaanguka? Karani anaandika anachosikia, na sikio lake limezoea «télé», «téléphone». Mkono unakwenda wenyewe.

Sasa muone inavyokwenda. Mtu wa 1983. Akti yake ina majina mawili, prenomu hakuna, sheria ya wakati ule. Parokia ilimwandika vizuri: Télesphore. Mwaka 1991 majina yamerudi, mwalimu anauliza darasani «prenomu yako?», mtoto anajibu, mwalimu anaandika Téléphore. Buletini ya shule ya msingi inapita sekondari, sekondari inapeleka orodha ya mtihani wa Etat (wa taifa), diploma inatoka Téléphore. Miaka 20 baadaye anaomba kwenda kusoma nje. Akti: hana prenomu. Karte ya ubatizo: Télesphore. Diploma: Téléphore. Watu watatu, uso mmoja! Na fomu ya kizungu ina visanduku viwili tu, nomu na prenomu, kwa hiyo postnomu yake, Mugisho, imeingia upande wa prenomu kwenye karatasi moja na upande wa nomu kwenye nyingine. Wanne sasa. Bursi (ufadhili wa masomo) haikungoja.

Kadutu Juu
Eeeh Yezu. Banne!

Mwana Nyawera
Karani, alitokaje hapo?

Karani wa Zamani
Akti ndiyo mzizi, diploma ni tawi, huanzi juu. Kodi ya Familia (sheria ya familia, si ushuru), kifungu 64, inakataza kubadili jina, tahajia yake au mpangilio wake, ila kwa ruhusa ya tribunali (mahakama) ya amani ya mahali unapoishi, tena uwe na sababu ya haki. Hukumu ikishapatikana ndipo unafuata shule. Anayekuambia «nipe kitu kidogo nikwanguekwangue na wembe» anakutengenezea kesi ya karatasi bandia.

Kadutu Juu
Wembe unafanyaka kazi lakini, tuseme ukweli.

Muzee wa Muhungu
Unafanya kazi mpaka siku ambasadi (ubalozi) itakapoimulika hiyo karatasi.

Karani wa Zamani
Kwa huyu mtoto wa orodha ya parokia, wazazi wafanye hivi. Siku 90 tangu kuzaliwa ndizo za kumwandikisha bila kwenda mahakamani. Zikipita ni hukumu ya tribunali ya watoto. Waende komini (ofisi ya serikali ya mtaa) na cheti cha materinite (hospitali ya uzazi) na kadi zao. Jina waliandike nyumbani kwa herufi kubwa kwenye karatasi ndogo, mistari mitatu: nomu, postnomu, prenomu. Wampe karani anakili, wasimtamkie. Kabla ya kusaini, mmoja asome herufi moja moja kutoka kwenye rejista, si kutoka kwenye karatasi yao. S iko wapi? Wekeni kidole juu yake.

Lushois wa Kenya
Au waandike Telesfori, Kiswahili safi, hakuna ph wala mkwaju, yaishe.

Karani wa Zamani
Yaishe? Parokia itaandika Télesphore, shule itaandika Télesphore, na Telesfori ya akti itakuwa mtu wa tano.

Birere Goma
Baraka.

Katekista Cimpunda
Baraka naye ni halali, sikatai. Tangu sheria mpya ya Kanisa ya 1983, kanoni 855, Kanisa halidai tena jina la mtakatifu, linakataza tu jina lililo kinyume na roho ya Kikristo. Mugisho peke yake inatosha ubatizo, ni baraka hiyohiyo kwa Kimashi. Na 5 Januari yenyewe ilitolewa kwenye kalenda ya jumla mwaka 1969, kwa hiyo siku hizi padri kijana akifungua kalenda hamwoni Télesphore kabisa. Huyu wa orodha, kuna mtu alimchagua akijua.

Mama Furaha wa Panzi
Babu yake, bila shaka. Mwana Nyawera, ulitazama ile karatasi ya mlangoni: s ilikuwepo?

Mwana Nyawera
Niko napita pale kesho asubuhi.